Shingo imevimba, taya limevimba, mtamba hashiki mimba: kutafuta mahali ishara ya seli ilipokatika

Mwongozo huu nimewaandikia watu wanaokutana na dalili kabla hawajakutana na maabara: wahudumu wa afya wa vijiji, wanafunzi wa uganga na uuguzi, walimu wa baiolojia, wafugaji na maafisa mifugo wa wilaya. Dalili nilizochagua zinaonekana kweli hapa Uganda, kwenye zahanati, kwenye mialo ya wavuvi na zizini. Ukizitazama juu juu hazina undugu wowote. Rovu la bibi wa Bundibugyo, mharo wa mvuvi wa Ziwa Albert na mtamba tasa wa Nakasongola, nani ataviweka kapu moja? Lakini ndani yake yote ni mazungumzo ya seli yaliyoharibika, na kila moja limeharibika mahali pake.

Seli ya mnyama haijiamulii mambo peke yake. Igawanyike au itulie, iwe mfupa au iwe ngozi, ichome sukari au iiweke akiba, hata ife lini, yote huambiwa na seli nyingine. Mtumaji hutoa kemikali. Kemikali husafiri, mara kwa damu mwili mzima, mara hatua moja tu hadi kwa jirani. Mpokeaji ana protini maalumu, kipokezi, inayoikamata kemikali hiyo na kubadilika umbo. Badiliko hilo huamsha protini za ndani, moja baada ya nyingine, mpaka jeni fulani iwashwe au mlango fulani kwenye utando wa seli ufunguke. Halafu lazima pawepo kitu cha kuizima ishara, maana ishara isiyozimika huua kama ile isiyofika.

Basi mbele ya dalili yoyote nauliza: mtumaji yu hai, na ana malighafi? Ujumbe umefika ukiwa mzima? Kipokezi kinasikia? Mnyororo wa ndani umekwama, na umekwama ukiwa umezimwa au ukiwa umewaka? Kizimio kinafanya kazi? Dalili moja inaweza kuwa na majibu matatu tofauti, na kila jibu lina dawa yake. Ukimpa mtu dawa ya kiungo ambacho hakijaharibika unaweza kumuumiza. Rovu linalionyesha hilo waziwazi, kwa hiyo naanza nalo.

Uvimbe mbele ya shingo

Mpe mgonjwa kikombe cha maji, kaa mbele yake macho yenu yakiwa sawa, mwambie ameze funda moja. Uvimbe wa tezi ya thiroidi hupanda na kushuka pamoja na koo. Tezi za limfu zilizovimba kwa kifua kikuu, au uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, hubaki pale pale.

Ukishajua ni thiroidi, fuata mnyororo kuanzia juu. Tezi ndogo ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutuma homoni iitwayo TSH. Thiroidi ina vipokezi vya TSH. Ikiipata, huvuta ayodini kutoka kwenye damu na kutengeneza thiroksini. Thiroksini ikitosha, hurudi kichwani kuituliza pituitari, na TSH inapungua.

Sasa ondoa ayodini, yale madini joto tunayoyasoma kwenye pakiti ya chumvi. Thiroidi inapokea amri lakini haina cha kutengenezea. Thiroksini haitoki, pituitari haipati jibu, inazidi kutuma TSH. Na TSH haisemi "tengeneza" tu, inasema pia "kua". Tezi inakua mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka. Rovu la namna hii ni laini, haliumi, na mara nyingi utamkuta jirani naye analo, na dada yake pia.

Chanzo chake kitafute jikoni. Uliza chumvi inatoka wapi. Chumvi ya mabonge ya Ziwa Katwe, ambayo watu hununua kwa ajili ya ng'ombe kisha ikaingia kwenye mboga, haikuongezwa madini joto. Uliza chumvi inakaa wapi: ikiachwa wazi karibu na moto na mvuke, ayodini hupungua. Uliza pia muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri huacha sayanidi, mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, nayo huizuia thiroidi kuvuta hata ile ayodini kidogo iliyopo. Miteremko ya Rwenzori, Kigezi na Mlima Elgon ina taabu ya ziada, kwa sababu mvua ya miaka maelfu imeosha ayodini kutoka kwenye udongo, na mazao ya udongo huo hayana ya kutosha.

Tiba ya rovu la aina hii ni chumvi yenye madini joto kwa kaya nzima, ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Rovu la zamani huenda lisirudi ndani lote, lakini watoto watakaozaliwa wataokoka.

Hapo kwa watoto nataka kukaa kidogo, kwa sababu shingo ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Katika miezi ya kwanza ya mimba, mtoto tumboni hana thiroidi inayofanya kazi. Thiroksini anayoitumia kujenga ubongo ni ya mama yake. Mama akikosa ayodini kabisa, mtoto anaweza kuzaliwa na ubongo usiokomaa, kiziwi, na mwili utakaobaki mfupi, na ubongo huo haujengwi upya baadaye. Homoni hiyo hiyo ndiyo inayomgeuza kiluwiluwi kuwa chura. Mwaka 1912 Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya thiroidi, wakageuka vyura kabla ya wakati wao, vyura wadogo mno. Kiluwiluwi asiyepata homoni hiyo hubaki kiluwiluwi, akiongezeka ukubwa tu. Walimu, kwenye madimbwi ya mafunjo viluwiluwi hawakosekani msimu wa mvua. Huna haja ya kuwalisha chochote: waonyeshe wanafunzi miguu inavyochomoza na mkia unavyoyeyuka, kisha uwaambie ni ujumbe mmoja wa kemikali unaoiambia seli ya mguu ikue na seli ya mkia ife.

Turudi kwenye shingo. Mgonjwa mwingine ana uvimbe ule ule, lakini anakonda ilhali anakula vizuri, moyo unamwenda mbio, hapendi joto, na pengine macho yamemtoka. Mwambie anyooshe mikono mbele, viganja vitazame chini, kisha mlazie karatasi nyembamba juu ya vidole. Karatasi ikitetemeka, shuku ugonjwa wa Graves. Hapa kinga ya mwili imetengeneza kingamwili inayoshika kipokezi cha TSH na kukiwasha. Pituitari imenyamaza kabisa na TSH kwenye damu iko chini sana, lakini thiroidi inaamini bado inaamriwa. Ukimpa huyu ayodini kwa kudhani ni rovu la kawaida, utakuwa umemwongezea malighafi mtengenezaji ambaye tayari anatengeneza kupita kiasi.

Kati ya hawa wawili yupo wa tatu ambaye wengi humsahau: mzee mwenye rovu la mabonge-mabonge la miaka mingi. Baadhi ya mabonge yale yameshajifunza kutengeneza thiroksini bila kungoja TSH. Akipewa dozi kubwa ya ayodini kwa mara moja, moyo wake unaweza kuanza kwenda mbio na kupoteza mpigo. Chumvi ya kawaida ya nyumbani aitumie. Matone na vidonge vya ayodini asipewe kabla TSH haijapimwa.

Bonge moja gumu linalokua haraka, sauti ikiwa imekwaruza, si la kungoja kipimo cha homoni. Mpe rufaa.

Mtoto anakonda, anakunywa maji kupita kiasi, anapumua kwa nguvu

"Mama, usiku anaamka mara ngapi kukojoa?"

"Musawo, ameanza tena kulowesha kitanda, na alikwisha kuacha zamani. Na maji ya jerikeni karibu anayamaliza peke yake."

Maneno kama hayo yakikufikia, pima sukari ya damu kabla ya jambo lingine lolote. Nasisitiza, kwa sababu mtoto huyu mara nyingi huwa na kipimo cha malaria chenye jibu la ndiyo pia, akapewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Kupumua kwa kina na haraka hudhaniwa ni nimonia. Mnuse pumzi: ikinuka kama matunda yaliyoiva sana au dawa ya kuondolea rangi ya kucha, damu yake imeshaanza kuwa na asidi. Sukari ya 11.1 mmol/L au zaidi pamoja na dalili hizi inatosha kukuambia ni kisukari, na mtoto wa namna hii ni wa hospitali leo hii.

Kiungo kilichokatika kwake ni mtumaji. Kinga ya mwili imeziua seli za kongosho zinazotoa insulini. Vipokezi vyake ni vizima na vinangoja, kwa hiyo ujumbe ukiletwa kwa sindano vinauitikia mara moja. Ndiyo maana mwaka 1922 huko Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa anakufa kwa kisukari, aliinuka baada ya kuchomwa insulini iliyosafishwa vizuri.

Kama mtoto anachomwa kila siku na sukari bado iko juu, usikimbilie kuongeza dozi. Chunguza ujumbe wenyewe. Insulini ni protini: huharibika ikikaa kwenye joto la mabati, na huharibika ikiganda. Akiba ya chupa ambazo hazijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Nyumba isiyo na friji inaweza kutumia chungu cha udongo ndani ya chungu kikubwa, mchanga wenye maji katikati yake, kivulini panapopita upepo. Hakifikii ubaridi wa friji, ila huikinga insulini na joto la mchana. Tazama pia mahali anapochomwa: palepale kila siku panaweka uvimbe mgumu wa mafuta ambamo dawa hukwama.

Kwa mtu mzima mnene wa mjini, mwenye kisukari cha aina ya 2, kiungo ni kingine. Insulini ipo, tena mwanzoni ipo nyingi, lakini ndani ya seli za misuli na ini mnyororo unaotoka kwenye kipokezi umekuwa mzito. Kwenye msuli, katika hali ya kawaida kipokezi huamsha protini za ndani, nazo huisukuma milango ya sukari iitwayo GLUT4 hadi kwenye utando. Mnyororo ukiwa mzito, milango haifiki. Mazoezi ya mwili huisogeza milango hiyo kwa njia isiyohitaji insulini, kwa hiyo kutembea na kulima ni tiba ya kweli, sambamba na metformini, kidonge cha kisukari. Lakini hapa kwetu wapo watu wazima wembamba wenye kisukari cha aina ya 2 ambao shida yao kubwa ni kongosho kutoa insulini kidogo. Huyo usimwambie apunguze uzito alioukosa.

Mharo kama maji ya kuoshea mchele

Mialo ya Ziwa Albert, Edward na George inakijua kipindupindu vizuri, na mwaka 2018 kiliwapata wakimbizi waliovuka ziwa kutoka Kongo na kufikia wilaya ya Hoima. Kila mtu anajua kwamba ni bakteria wa kwenye maji machafu. Wachache wanajua kwamba bakteria huyo hali utumbo wala hautoboi. Anachofanya ni kuharibu kizimio kimoja, na ukikielewa hicho hutasahau tena kwa nini sukari iwe ndani ya maji ya chumvi.

Seli za utumbo mwembamba zina protini iitwayo G. Ikipewa ishara, hujiwasha kwa kushika GTP, molekuli ndogo yenye nishati, kisha baada ya muda mfupi hujizima yenyewe kwa kuikata. Sumu ya kipindupindu huingia ndani ya seli na kubandika kipande cha kemikali juu ya protini hiyo, mahali panapoizuia isikate. Basi inabaki imewaka. Kimeng'enya kinachofuata kinatengeneza cAMP, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya seli, bila kupumzika, cAMP inafungua milango ya kloridi, kloridi inamiminika utumboni, sodiamu inaifuata, na maji yanafuata chumvi. Mtu mzima anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Ni bomba la kijiji lililong'oka koki.

Unafanya nini na koki iliyong'oka? Kuizuia huwezi. Seli iliyobandikwa sumu haiponi. Itang'oka yenyewe na kupokewa na seli mpya, kwa kuwa ngozi ya ndani ya utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Kazi yako ni kumfikisha mgonjwa akiwa hai hadi hapo. Kwenye seli hizo hizo kuna mlango mwingine ambao sumu haiugusi, unaoingiza sodiamu ikiwa tu imeshikana na glukosi. Pitisha vyote viwili kwa pamoja, na maji yatafuata kuingia. Chumvi peke yake haipiti, na maji matupu hayabaki.

Pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita moja, pamoja na potasiamu na sitreti. Pakiti isipokuwepo, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko cha chai. Onja: yasizidi uchumvi wa machozi. Chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto kuliko kukosa ORS kwa saa moja.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10 uendelee. Vuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili uiachie: ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, na macho yameingia ndani, na hawezi kunywa, anataka dripu sasa, si baada ya kumaliza pakiti. Antibiotiki hufupisha ugonjwa lakini hazirudishi maji. Dawa za kufunga tumbo usimpe kabisa.

Taya la mtoto limevimba, meno yanacheza

Mzazi huja akisema ni jino. Jipu la jino lina moto, linauma, na shida imejikusanya kwenye jino moja bovu. Safisha mikono, vaa glavu, gusa meno moja moja: kama meno kadhaa mazima yanacheza kwenye ufizi, kama uvimbe umeonekana na kukua kwa wiki chache tu, kama jicho la upande huo linasukumwa au tumbo nalo limejaa, huyo si mgonjwa wa kung'oa jino. Ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, mpaka ithibitishwe kuwa siyo, na kila siku ina thamani, kwa sababu seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Ugonjwa huu ulielezwa kutoka hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amwone mtoto mwenye uvimbe wa mataya, na mwaka uliofuata Burkitt akachapisha maelezo yake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kupitia Afrika Mashariki hadi kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba uvimbe huu unafuata joto na mvua, nchi zile zile za malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda, na leo kinaitwa Epstein-Barr.

Kiungo kilichokatika kiko mwisho kabisa wa mnyororo. Kuna jeni iitwayo MYC, kwenye kromosomu ya 8, ambayo seli huiwasha kwa muda mfupi inapoamriwa kugawanyika, kisha huizima. Katika Burkitt, kipande chenye MYC kimevunjika na mara nyingi kimeungana na kromosomu ya 14, karibu kabisa na jeni ya kutengeneza kingamwili. Kwa seli B, zile seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, jeni hiyo haizimwi, ndiyo kazi yake. MYC nayo haizimwi tena. Hakuna mtumaji, hakuna kipokezi, ila amri ya kugawanyika inatolewa mchana na usiku. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli B zigawanyike na kukata-kata DNA zao, na kirusi huziwezesha kuishi pale ambapo zingekufa. Mtoto hakurogwa, na mama hakukosea chakula.

Seli zinazokimbia hivyo hufa haraka zikipigwa na dawa. Cyclophosphamide ndiyo nguzo ya tiba, ikiunganishwa na dawa nyingine. Hatari moja lazima wazazi waambiwe mapema: seli nyingi zikifa kwa pamoja humwaga potasiamu na taka ambazo figo haziwezi, kwa hiyo mtoto hupewa maji mengi kwa mshipa kabla na wakati wa dozi za kwanza. Taasisi ya Saratani ya Uganda, hapo Mulago, ilianza mwaka 1967 kama kituo cha kutibu ugonjwa huu huu. Kaskazini, hospitali ya Lacor mjini Gulu nayo inautibu. Ukiwa Kitgum au Pader, elekeza huko usipoteze wiki.

Bandama kubwa kwa mtu mzima

Huku kwetu bandama kubwa ina majibu mengi kabla ya saratani: malaria ya kurudiarudia, na kichocho kwa watu wa kando ya Ziwa Albert na Mto Naili. Kinachotenganisha ni hesabu kamili ya damu, kipimo cha bei nafuu kinachorukwa mara nyingi. Chembe nyeupe zikizidi 100,000 kwa mikrolita, fikiria leukemia sugu ya mailoidi, aina ya saratani ya damu. Kromosomu za 9 na 22 zimebadilishana vipande, ikatokea protini moja mpya inayowasha mnyororo wa kugawanyika bila kuamriwa na yeyote. Kromosomu hiyo iligunduliwa Philadelphia mwaka 1960, Janet Rowley akaonyesha ubadilishanaji huo mwaka 1973, na mwaka 2001 Marekani ikaruhusu imatinib, kidonge kinachoziba tundu la nguvu la protini hiyo. Kidonge hunywewa kila siku. Mgonjwa akijisikia mzima na kuacha bila daktari kumwambia, ugonjwa hurudi mara nyingi.

Mtamba haonyeshi joto, hashiki mimba

Kabla ya kulaumu dume, malisho au minyoo, muulize mfugaji swali moja: huyu mtamba alizaliwa pacha wa dume? Akisema ndiyo, zaidi ya mara 9 kati ya 10 umeshapata jibu.

Kwa ng'ombe, makondo ya mapacha huungana mapema na mishipa ya damu ikapitana. Kijusi dume hutoa homoni inayoviambia vifereji vya mji wa mimba vijifute. Kwake yeye ni sahihi. Lakini homoni inavuka na damu hadi kwa dada yake, ambaye vipokezi vyake vipo na vinasikia vizuri kabisa, navyo vinatii. Mtumaji mzima, ujumbe mzima, kipokezi kizima, ila ujumbe umefika kwa asiyestahili kuupata. Frank Lillie wa Chicago alieleza muungano huo wa damu mwaka 1916, na Alfred Jost ndiye aliyeonyesha baadaye, kwa sungura, kwamba korodani ya kijusi hutoa kemikali ya namna hiyo.

Usingoje miaka 2 ukimlisha. Ndama akiwa na wiki chache, chukua mrija mwembamba wa kioo kigumu au plastiki wenye mwisho wa mviringo, uliosafishwa na kupakwa mafuta ya kulainisha. Ingiza taratibu kwenye uke kwa kuelekeza juu kidogo. Kwa ndama mzima huingia kama sentimita 13. Kwa ndama wa namna hii hukwama kwenye 5 hadi 8. Usisukume. Tazama na kisimi, kwani mara nyingi ni kikubwa, na nywele za chini ya uke ni ndefu. Huyo mnenepeshe kwa nyama, usimweke kwenye hesabu ya maziwa.

Mtoto au mwanakondoo amezaliwa na umbo lisilo la kawaida

Siwezi kupita kila umbo. Nachukua yale yanayoleta maneno kijijini.

Mgongo wazi kwa mtoto wa binadamu: mrija wa neva hujifunga kufikia siku ya 28 ya mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Seli za chini na za juu ya mrija huelekezwa na ishara mbili zinazopingana, na tendo zima linataka foliki, vitamini ya kundi B, ya kutosha. Mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku zianze kabla ya kushika mimba. Swali ambalo nataka liulizwe Acholi nzima, huko kaskazini: je, mama anatumia valproeti, dawa ya kifafa? Wasichana waliopewa dawa hiyo kwa ugonjwa wa kutikisa kichwa sasa ni wanawake wa kuzaa, na valproeti huongeza hatari ya mgongo wazi. Asiiache ghafla, maana degedege linaweza kumuua. Aonane na daktari apange kabla ya mimba. Mtoto akishazaliwa hivyo, hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale inafanya upasuaji wa mgongo wazi na wa kichwa maji.

Mtoto mwenye mikono na miguu mifupi na kiwiliwili cha kawaida: kipokezi cha FGFR3, ambacho kazi yake ni kuzuia mifupa isikue kupita kiasi, kimekwama kikiwa kimewaka. Wengi wao wana wazazi wa kimo cha kawaida. Akili yao ni timamu.

Mwanakondoo mwenye jicho moja katikati ya paji: ishara iitwayo Hedgehog haikufika au haikusikika wakati uso ulipokuwa ukigawanyika pande mbili. Jeni yake iligunduliwa kwanza kwa inzi wa matunda, na Nüsslein-Volhard na Wieschaus. Huko Idaho, Marekani, kondoo waliokula mmea uitwao Veratrum californicum siku ya 14 ya mimba walizaa wana wa namna hiyo, na sumu ya mmea ikaonekana kuwa inaziba protini inayofuata baada ya kipokezi. Mmea huo ni wa magharibi ya Amerika Kaskazini, kwa hiyo huku usiutafute. Akitokea mmoja tu kwenye kundi, yaelekea ni jeni au ajali ya mapema. Wakitokea kadhaa, andika siku walizopandwa, malisho waliyohamia, na dawa walizopewa, hasa albendazole ya minyoo mwezi wa kwanza wa mimba, ambayo huharibu umbo kwa kuvunja nyuzi za ndani za seli.

Kuku kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, hana ugonjwa. Jeni ya ishara ya BMP12 inafanya kazi kupita kawaida kwenye ngozi yake, na ngozi ya shingo inaitikia kwa kuacha kuotesha manyoya. Anastahimili joto kuliko wenzake. Usimchinje kwa hofu.

Na kama mbuzi au kondoo wengi wanatupa mimba kwa pamoja, na wachanga wanakufa, hilo si swali la jeni tena. Ni lazima ufikirie homa ya Bonde la Ufa, iliyothibitishwa Kabale mwaka 2016. Inaambukiza binadamu kupitia damu na majimaji ya uzazi. Usiguse kondo wala kitoto kilichokufa kwa mikono mitupu, usichinje walio wagonjwa, watenge watoto na zizi, umpigie simu afisa mifugo wa wilaya siku hiyo hiyo.